Windows 10 imezeeka, steshenari zetu zifanye nini?

Tarehe 14 Oktoba 2025, nchi ikiwa mapumzikoni kumkumbuka Mwalimu Nyerere, kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Hakuna kompyuta iliyozimika siku ile. Kesho yake Dell na HP za mitumba zilizopangwa kwenye steshenari za Masasi, za Newala mjini na za vijijini katika kata kama Chilangala ziliwaka kama kawaida, zikaskani vyeti, zikatoa fotokopi. Kilichokatika hakionekani kwa macho: marekebisho ya usalama ya kila mwezi, yale yanayoziba matundu wanayopitia wezi wa mtandaoni. Aliyejiandikisha kwa akaunti ya Microsoft aliongezewa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Asiyejiandikisha simlaumu. Oktoba ndipo minada ya korosho inapoanza. Karani wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, anataka orodha zake zichapwe leo, mkulima anataka nakala ya kitambulisho na ya kadi ya benki, na mwenye duka hana nafasi hata ya kunywa chai, sembuse kusoma tangazo la Microsoft kwa Kiingereza.

Tangazo lenyewe jibu lake lilikuwa fupi: hamia Windows 11. Lakini Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa kompyuta za Intel inadai prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache sana. Sasa pita Kariakoo uulizie HP EliteBook 840 G3 au Dell OptiPlex 7010. Ni mashine ngumu, vipuri vyake vimejaa, na fundi yeyote anaijua namna ya kuzifungua. Ya kwanza ni kizazi cha sita, ya pili ni kizazi cha tatu. Zote zimefungiwa mlango. Upo ujanja wa kuilazimisha Windows 11 ikae humo, na mafundi wanaujua, ila Microsoft haitoi ahadi yoyote ya kuzihudumia mashine hizo zikishalazimishwa.

Hapo ndipo fundi anapomshauri mwenye duka aweke Linux: Ubuntu, au Linux Mint, ambayo sura yake haimpotezi mtu aliyezoea Windows. Ni ya bure, inapata marekebisho ya usalama, na haiulizi kizazi cha prosesa. Mwenye duka anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza swali la haki kabisa: "Sasa Publisher yangu, fundi, itakwenda wapi?"

Mafundi wana majibu mawili, na wamegawanyika juu yake kama Simba na Yanga. Kundi moja linasema weka mifumo miwili kwenye diski moja: ukiwasha kompyuta inakuuliza leo unataka Linux au Windows. Kundi la pili linasema weka Linux peke yake, kisha ndani yake usakinishe mashine pepe, yaani programu inayoigiza kompyuta nzima, na Windows ikae humo ndani ya dirisha lake. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa steshenari, kwa shule na kwa ofisi ya chama cha msingi, Windows ya zamani ikae kwenye mashine pepe na ikatwe intaneti. Kwa fundi simu na kwa mhariri wa video, iwe mifumo miwili. Na kabla ya yote, shilingi ya kwanza ikanunue RAM.

Tuanze na kazi zenyewe, maana mabishano mengi ya mafundi yanasahau kuuliza mtu anafanya nini na kompyuta yake. Kaa kwenye benchi la steshenari ya Newala mwaka mzima, utaona misimu inavyopishana. Kuna wakati wa Selform ya TAMISEMI, vijana waliomaliza kidato cha nne wakibadilisha tahasusi. Kuna wakati wa maombi ya mikopo ya HESLB, na kabla yake foleni ya kuhakiki vyeti vya kuzaliwa RITA. Kila wiki yupo anayehangaika na Ajira Portal, yupo anayetafuta jina la biashara BRELA, yupo mzabuni mdogo anayejaribu kuingia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023. Zote hizo zinafunguka kwenye Firefox au Chrome. Hazina habari kama chini yake kuna Windows au Linux.

Kinachobaki upande wa Windows ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Publisher, ambayo ndiyo imebeba kadi za michango ya harusi na vipeperushi vya mahafali. Photoshop ya picha za paspoti. Programu ya hesabu iliyonunuliwa zamani. Na mitihani ya shule iliyochapwa kwenye Word, ambayo mwalimu hataki isogee hata mstari mmoja. Ukijumlisha, ni kazi ya saa moja au mbili kwa siku. Kwa nini kazi ya saa mbili ipewe nusu ya diski, na kompyuta nzima kila inapoitwa?

Nitautendea haki kwanza upande wa mifumo miwili, maana una hoja. Ukichagua Windows pale mwanzo, inapata RAM yote, prosesa yote na kadi ya picha yote. Hakuna kugawana. Kwa mwenye kompyuta ya RAM GB 4 hilo si jambo dogo. Ipo pia habari ya leseni, ambayo watetezi wa mashine pepe huipita kimyakimya. HP nyingi za mitumba zimekuja na leseni halali iliyorekodiwa kwenye ubao wake mkuu. Ukiweka mifumo miwili, leseni ile inaendelea kufanya kazi. Ukiisakinisha Windows kwenye mashine pepe, inajiona iko kwenye kompyuta nyingine kabisa na inaomba ufunguo wake. (Najua wengi watacheka hapa, kwa kuwa huku kwetu ufunguo hutoka kwenye flashi ya jirani. Lakini hizo kraki ndizo zinazoleta virusi tunavyovilalamikia kila siku.)

Tatizo la mifumo miwili ni foleni. Binti yuko katikati ya fomu ya HESLB kwenye Linux, ameshaweka namba ya mtihani, anasubiri namba ya malipo. Anaingia mwalimu na flashi mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nina kikaratasi cha mahafali humu, nirekebishie tarehe tu kisha nitolee nakala hamsini."

Kikaratasi ni faili la Publisher. Kuifikia Publisher lazima kompyuta izimwe, iwashwe, ichaguliwe Windows, na kwenye diski ya zamani ya kuzunguka Windows inachukua dakika kadhaa kabla haijatulia. Fomu ya binti ifungwe? Mwalimu asubiri? Mwalimu anatazama saa, anavuka barabara kwenda duka la pili. Jambo hili likitokea mara mbili tatu, mwenye duka anafanya ambalo mtu yeyote angefanya: anabaki Windows moja kwa moja, kwa kuwa huko ndiko faili za wateja zinakofunguka bila maswali. Linux inakuwa sehemu ya diski iliyolala, imekalia gigabaiti zake bure. Na maombi ya mikopo, nywila za Ajira Portal na namba za NIDA za wateja zinarudi kupitia Windows 10 ileile isiyozibwa matundu. Tumezunguka tukarudi tulipoanza.

Kuna na usumbufu mdogo mdogo. Saa, kwa mfano. Linux huandika kwenye ubao wa kompyuta saa ya dunia, kisha yenyewe huongeza saa tatu zetu za Afrika Mashariki. Windows inaisoma saa hiyohiyo ikiamini ndiyo ya hapa. Kwa hiyo unatoka Linux saa nne asubuhi, unaingia Windows unakuta ni saa moja. Dawa ni amri moja upande wa Linux, timedatectl set-local-rtc 1, lakini asiyeijua atabadilisha saa kwa mkono kila siku akidhani betri ya ubao imekufa, na atauziwa nyingine. Windows nayo, tangu toleo la 8, ina tabia ya kutozimika kabisa: inajilaza nusu ili kesho iwake haraka. Ukiingia Linux wakati huo, ile sehemu ya diski ya Windows inakataa kuandikwa. Faili unaliona, kulihifadhi huwezi.

La Agosti 2024 lilikuwa kubwa zaidi. Windows ilitoa marekebisho yake ya mwezi tarehe 13, na kompyuta nyingi zenye mifumo miwili, sehemu nyingi duniani, zikaamka zikikataa kuiwasha Linux, zikionyesha ujumbe wa kuvunjwa kwa sera ya usalama. Microsoft ilikiri kosa na kutoa maelekezo ya kulitengua. Kwa mtu wa Dar es Salaam hayo ni maudhi ya jioni moja. Kwa mwenye duka wa Chilangala ni kufunga kompyuta kwenye gunia na kuipandisha gari kwenda kwa fundi Masasi.

Sasa mashine pepe. Programu zinazojulikana zaidi ni VirtualBox ya Oracle, ambayo ni ya bure, na VMware Workstation, iliyokuwa ikiuzwa kwa pesa nzuri hadi ilipofanywa ya bure kwa watu wote Novemba 2024. Unaisakinisha ndani ya Linux, unaiambia chukua kiasi fulani cha RAM na cha diski, kisha unaweka Windows kama unavyoweka kwenye kompyuta mpya. Mwalimu wa mahafali akija, unafungua dirisha, unarekebisha tarehe, na fomu ya binti bado iko palepale pembeni.

Lakini RAM inagawanywa, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni shida ya miaka nenda rudi, watu wanakijua kisima cha kuvuna mvua: kilichochimbwa kwa familia moja ukikaribisha ya pili, kabla kiangazi hakijafika nusu wote mnabeba ndoo. Kompyuta ya GB 4 ni kisima cha familia moja. Linux Mint na Firefox yenye kurasa chache inaweza kumaliza zaidi ya nusu yake, na Windows 10 ikiwekwa kwenye kilichobaki, kila kitu kinaanza kuandikwa kwenye diski, taa ya diski haizimi, na mwenye duka anahitimisha kwamba Linux ni takataka. Ukiwa na GB 8 unaipa Windows GB 3, Linux inabaki na 5, na kazi za Publisher zinakwenda bila manung'uniko. Ukiongeza diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka, kompyuta ya miaka kumi inakuwa kama imezaliwa upya. Kabla ya kumwagiza mtu Kariakoo, angalia kwanza kama ubao wako unapokea RAM ya DDR3 au ya DDR4. Pengo la kadi hizo haliko mahali pamoja, moja haiingii kwa mwenzake, na nauli ya kurudisha ni yako.

Kitu kingine kidogo kinachowakwamisha watu: mashine za mitumba mara nyingi zinakuja na uwezo wa kuendesha mashine pepe umezimwa kwenye BIOS. VirtualBox inagoma, au inakubali mfumo wa biti 32 tu. Zima kompyuta, iwashe ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, tafuta mahali palipoandikwa VT-x au Virtualization, uwashe, uhifadhi. Ni kazi ya dakika mbili, na nimeshasikia ikitozwa bei ya kubadilisha kioo.

Faida iliyonifanya niegemee upande huu ilikuja na ile 14 Oktoba. Windows iliyo kwenye mashine pepe unaweza kuinyima mtandao kabisa. Unaingia kwenye mipangilio, unaondoa alama kwenye kadi ya mtandao, basi. Publisher haihitaji intaneti kuandika majina ya bwana na bibi harusi. Wateja na nywila zao wanabaki Linux, yenye marekebisho ya kila wiki. Windows 10 inabaki na Publisher na Photoshop yake, haionwi na mtu wa nje. Faili zinapita kwenye folda moja ya pamoja, moja tu, usifungue diski yote. Kwa mifumo miwili huwezi kuishi hivyo, kwa sababu ukiwa Windows na mteja mwingine akahitaji mtandao, utauwasha.

Flashi za wateja ndiyo habari nyingine. Kila mwenye steshenari anavijua virusi vya shortikati, vinavyoficha folda za mtu na kumwachia vivuli vyake. Flashi ichomekwe Linux, ambako virusi hivyo vya Windows havipati pa kushika, na lipelekwe upande wa pili faili linalotakiwa tu. Na hata kikipenya kimoja, mashine pepe ina kitu ambacho kompyuta ya kawaida haina: unaweza kuhifadhi hali yake yote ilivyo leo, safi, na wiki ijayo ikichafuka ukairudisha ilivyokuwa. Fundi wa kupiga Windows upya atapoteza kazi hapo, na anisamehe.

Umeme sitausahau. Mtwara na Lindi kwa miaka mingi zimetegemea mitambo ya gesi ya Mtwara nje ya gridi ya taifa, na kukatika kwake tunakujua. Kwenye laptopu, betri ikikupa hata dakika tano, mashine pepe unaifunga kwa kuihifadhi ilipofika, na umeme ukirudi unaendelea na sentensi ileile. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS hali ni nyingine. Windows yako yote ni faili moja kubwa la gigabaiti makumi, na umeme ukikatika vibaya faili lile linaweza kuharibika lote kwa pamoja. Nakala yake ikae kwenye diski ya nje. Usitumie flashi ya mfumo wa FAT32, haipokei faili linalozidi GB 4. Ifomati kwanza kuwa exFAT.

Printa nyingi za Epson na Canon za siku hizi zinafanya kazi na Linux moja kwa moja. Canon LBP2900, ambayo ni kizee kisichokufa, ina ukaidi wake. Hiyo unaikabidhi kwa mashine pepe kupitia USB, inachapa kama zamani.

Fundi simu asinifuate mimi. Simu inayoflashiwa, hasa yenye chipu ya MediaTek, inajitokeza kwenye USB kwa sekunde chache, inapotea, kisha inarudi ikijitambulisha kama kifaa kingine. Mashine pepe inakuwa bado inaikabidhi ya kwanza wakati ya pili imeshaondoka, na simu ya mtu inaweza kufia katikati. Kuna zana zenye toleo la Linux, SP Flash Tool ikiwemo, lakini mwenye kuishi kwa kazi hiyo anahitaji Windows halisi kwenye chuma halisi. Kadhalika anayehariri video za harusi: kadi ya picha ndani ya mashine pepe ni ya kuigiza, na kusubiri video itoke kutamla usiku kucha. Hao waweke mifumo miwili, wazime ile tabia ya kujilaza ya Windows, na wakiweza kila mfumo uwe na diski yake.

Njia ya tatu ni Wine, iliyoanza mwaka 1993, ambayo huendesha programu za Windows ndani ya Linux bila Windows yenyewe. Ni nzuri ikikubali. Kwa programu ndogo za zamani ijaribu kwanza, haina gharama. Usiiahidi kwa mteja.

Nimesikia pia hoja kwamba Linux ni mambo ya Wazungu, haituhusu. Wanaosema hivyo wamesahau kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Kazi ile ilitangulia mahitaji. Mahitaji yamefika sasa, na aliyebaki kusukumwa ni ofisi zenyewe: halmashauri, vyama vya ushirika kama TANECU na MAMCU, na wakuu wa shule. Mkituma fomu, itumeni kwa PDF. Mkituma jedwali, msijaze humo vimakro visivyofunguka mahali pengine. Kila faili la namna hiyo linamfunga mtu wa kijijini kwenye mfumo ambao hana pesa ya kuuhuisha.

Na kwa wenye steshenari, muda si mrefu. Microsoft imetangaza kwamba Publisher nayo itaacha kuhudumiwa Oktoba 2026, na wanaoilipia kwa mwezi kupitia Microsoft 365 hawataweza tena kuyafungua mafaili yake humo. Nakala za zamani zilizonunuliwa moja kwa moja zitaendelea kufunguka, ndiyo maana mashine pepe iliyofungiwa ina kazi ya kufanya kwa miaka kadhaa. Lakini anza sasa kuyageuza mafaili ya kadi zako kuwa PDF, na yale unayoyarudia kila mwaka yaandike upya kwenye LibreOffice, programu za ofisi za bure, kabla msimu wa korosho haujaanza na duka halijajaa watu.